Viputo vya Shemeji

Kuna wanaume wanaopenda mpira, kuna wanaopenda siasa, na kuna wachache wanaopenda maji machafu. Profesa alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya chupa moja ya kioo, yenye tumbo la duara na shingo mbili, akisubiri maji yaliyomo yamwonyeshe jinsi uhai ulivyoanza. Si uhai wa mtu wala wa kuku. Ule wa kwanza kabisa, wa dunia ilipokuwa changa, haina jani, haina sisimizi, haina hata mtu wa kulalamika kwamba leo kuna joto. Wanafunzi walimwita Mzee Chanzo, kwa heshima akiwapo na kwa kicheko akishatoka.

Aliyemjua kuliko wanafunzi, na pengine kuliko mkewe, ni fundi wa maabara yake. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, na idara nzima ilimwita Mama Chupa, kwa sababu hakuna kioo kilichoingia au kutoka chumba kile bila kupita mikononi mwake. Profesa yeye alimwita shemeji, na ushemeji wenyewe ulizaliwa humohumo maabara. Siku moja dada yake Mama Chupa, aliyekuwa karani wa posta, alikuja kumletea mdogo wake funguo alizosahau nyumbani. Akamkuta kijana mwembamba ameikodolea macho chupa ya maji.

"Unasubiri ichemke?" akamuuliza.

"Nasubiri iishi," kijana akajibu.

Dada akacheka mpaka akakaa kwenye kiti kisicho chake. Mama Chupa hupenda kusema kwamba dada yake aliolewa palepale kwenye kile kiti, mengine yote yalikuwa ni kuvaa na kupiga picha.

Basi mashemeji wawili wakafanya kazi chumba kimoja miaka thelathini kasoro, asubuhi wakitaniana, mchana wakinuniana, jioni wakiulizana nani kafunga dirisha.

Kazi yenyewe, ukiivua koti lake jeupe, haikuwa ngumu kuielewa. Unachukua maji safi. Unayafungia chupani pamoja na hewa za aina ile wanayodhani ilikuwa angani zamani hizo. Unapitisha cheche za umeme, ziwe radi. Baada ya wiki unayakausha kwa joto la polepole, unayalowesha tena, unayakausha tena, kama dimbwi la njiani linavyofanywa na jua na mvua. Kisha unachukua tone moja, unalitazama kwa hadubini kuona kama kuna chochote kilichojitengenezea ngozi. Maana profesa aliamini kwamba kabla ya moyo, kabla ya damu, kabla ya yote, kitu cha kwanza kilichotaka kuishi kilihitaji ngozi. Bila ngozi, alisema, huwezi kujua wewe unaishia wapi na jirani anaanzia wapi, na hapo ugomvi hauwezi hata kuanza.

Chupa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipigwa umeme, nayo ilikuwa ya profesa. Ya pili ilipewa maji yaleyale na hewa zilezile, ila haikupigwa umeme, nayo ilikuwa ya Mama Chupa. Kazi ya ile ya pili ni kukaa bure. Ikikaa bure vizuri, basi lolote litakalotokea kwenye ya kwanza limeletwa na umeme. Kwa hiyo Mama Chupa aliajiriwa kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea, na kazi hiyo aliifanya kwa ufanisi ambao hakuna aliyewahi kuutilia shaka.

Ufanisi huo ulikuwa kwenye kuosha. Vyombo vyote vya chumba kile aliviosha kwa tindikali, akavisuuza kwa maji yasiyo na kitu, akaviingiza kwenye tanuri saa nane nzima, kwenye joto la kuunguza hata alama ya kidole. Vyombo vyote isipokuwa kimoja. Miaka minane iliyopita aliitia chupa ya profesa tanurini kama kawaida, ikatoka ina ufa kuanzia shingoni mpaka tumboni. Fundi mmoja mzee wa vioo akaiunga, na mwaka haukuisha, mzee wa watu akafa. Tangu hapo profesa hakukubali chupa ile iguse tanuri wala mikono ya shemeji. Akawa anaiosha mwenyewe kwenye sinki la pembeni, amekunja mikono ya shati, anaimba chini kwa chini. Mama Chupa alinuna wiki moja, halafu akaona heri, chombo kimoja kimepungua.

Sasa, mwaka mmoja na nusu uliopita, viputo vikatokea.

Profesa hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Shemeji, njoo uwaone wapwa zako."

Mama Chupa akainama kwenye hadubini. Akaviona. Viputo vidogo, vya mviringo, kila kimoja na ngozi yake nyembamba ya mafuta. Ukilitikisa tone, kimoja kinanenepa, kinarefuka kama maharage, kinakatika katikati, vinakuwa viwili. Akaenda kutazama tone la chupa yake. Hakuna kitu. Maji tu, yamekaa bure kama alivyoyafunza.

Wakarudia. Mara kumi na nne walirudia, na mara kumi na mbili viputo vikaja kwenye chupa ya profesa, na mara zote kumi na nne chupa ya Mama Chupa ikabaki tupu. Profesa akaanza kutembea kama mtu aliyepunguziwa umri. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za profesa zilikuwa zimehama kichwani siku nyingi, na ilionekana kweli zimehamia ndani.

Hakuandika popote. Alitaka alitoe neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, siku ya mhadhara wake wa kuaga, kwa sababu alikuwa anatimiza miaka sitini na mitano na chuo kilikuwa kimeshampangia siku: Alhamisi, ukumbi mkubwa, na mgeni kutoka chuo cha mbali, mama mmoja mtaalamu wa mafuta na ngozi za viumbe, mwenye jina kubwa katika mambo hayo. Kwenye ubao wa matangazo kilibandikwa kichwa cha mhadhara: "Cheche na Ngozi ya Kwanza." Profesa alikuwa akipita njia ile mara tatu kwa siku, na choo hakikuwa upande huo.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo alimwambia shemeji yake, "Nataka na wewe ufanye. Chukua chupa yako, ipige umeme, ili nikisimama pale niseme, hata mkono mwingine umepata."

Mama Chupa akafanya. Hakupata kitu. Akafanya tena, akakosa. Akafanya ya tatu.

"Mkono wako mzito, shemeji," profesa akamwambia.

"Mkono huu umeosha vyombo vyako miaka thelathini, hukuuona uzito wake."

"Kuosha ni kuosha. Hapa kuna kulea."

"Basi andika kwenye mhadhara wako kwamba mimi ni tasa wa viputo."

Profesa akacheka. Lakini jioni ile Mama Chupa alimwona amesimama dirishani, anahesabu hatua za jaribio kwenye vidole, anafika cha nne, anarudi cha kwanza.

Jumapili ikampeleka Mama Chupa kwa dada yake. Dada alikuwa amestaafu posta mwaka mmoja na nusu uliopita, na mtu aliyezoea kugonga mihuri miaka thelathini na tano hawezi kukaa mikono mitupu. Alianza kutengeneza sabuni. Alichukua mafuta yaliyokwisha kukaangia, ya aina zote, ya leo na ya juzi, akayachanganya na soda kali, ile inayounguza mikono, kwenye sufuria moja kubwa, akatia rangi ya kijani, akamimina kwenye maboksi, na ikishaganda akaikata vipande akavigonga kila kimoja muhuri wa ua. Aliwagawia ndugu, majirani, daktari wa meno. Kukataa sabuni yake kulikuwa sawa na kumwambia hujui kupokea. Nayo sabuni ilisafisha, usiseme. Tatizo lake ni kwamba ilisafisha, ila haikuaga.

Mama Chupa alikuwa jikoni anaosha glasi. Akasuuza moja, akaiinua kwenye mwanga. Akasuuza tena. Akapitisha kidole, kidole kikateleza.

"Dada, sabuni yako haitoki."

"Inalainisha."

"Kwenye glasi?"

"Glasi nayo ina ngozi yake."

Mama Chupa akatabasamu, akasuuza mara ya tatu. Halafu, kwa kutafuta la kusema tu, akauliza, "Na mzee anaipenda?"

"Anaipenda? Si anapeleka kazini. Kila mwezi ananibebea vipande viwili. Mimi nilidhani unajua, si mko chumba kimoja?"

Kweli alikuwa anajua. Alikuwa ameiona sabuni ya kijani kwenye kopo, pale sinki la pembeni, na akadhani ni ya mikono.

"Anaoshea nini?" akauliza polepole.

"Nitajuaje mimi? Mume wangu nikimuuliza habari za kazi anaanzia kabla dunia haijapoa, nami nina sufuria jikoni."

"Ulianza lini kuitengeneza, dada? Mwezi gani?"

"Mwezi uleule niliostaafu. Mbona umesimama hivyo? Maji yanamwagika."

Mama Chupa akafunga bomba. Glasi ilikuwa bado mkononi, na juu ya kioo chake kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa rangirangi, mzuri wa kutazama kama hujui maana yake.

Jumatatu alifika kazini kabla ya mlinzi kumaliza chai. Akachukua chupa yake na nyingine ya akiba, zote zimetoka tanurini Ijumaa. Akatia maji yaleyale na hewa zilezile za profesa. Umeme hakuwasha. Chupa moja akaiacha hivyo hivyo. Kwenye ya pili akatia chembe ya sabuni ya dada, ndogo kama ukucha wa sisimizi, kama sisimizi angekuwa na ukucha. Akakausha, akalowesha, akakausha. Mchana akatazama.

Chupa ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ilikuwa na ukoo mzima. Wakubwa kwa wadogo, wanene kuliko wale wa profesa, wanarefuka, wanakatika, wanazaana bila hata kusubiri kutikiswa vizuri.

Mama Chupa akakaa chini. Alijaribu kujitia hamnazo, akashindwa. Jambo lilikuwa wazi kama kiganja. Kati ya chupa ya shemeji na chupa yake kulikuwa na tofauti mbili siku zote, na wao wawili, na kusoma kwao kote, walihesabu moja. Walihesabu umeme. Hawakuhesabu nani kaosha.

Na sasa afanye nini? Angeweza kunyamaza. Siku tatu si nyingi. Alhamisi mzee angesimama, angesema lake, wangempigia makofi, angekwenda nyumbani kupumzika na ushindi wake. Lakini yule mgeni, mtaalamu wa mafuta, hakuwa anakuja kunywa chai. Angerudi kwao, angewasha umeme wake kwenye chupa zake safi, angekosa, angeandika barua. Na mtu aliyetoa miaka thelathini na moja angekumbukwa kwa kitu kimoja tu, povu. Wangemcheka watu ambao hawakuwahi kuona alivyofika kazini na homa ili chupa isikae peke yake.

Halafu kulikuwa na dada. Ukimwambia mzee, umemwambia na mkewe kwamba sabuni yake ndiyo iliyomharibia mumewe kazi. Mama Chupa aliwaza hilo usiku kucha, na kila alipopata usingizi aliota anasuuza.

Jumanne profesa aliingia anaimba, chini ya koti jeupe amevaa suruali mpya ya Alhamisi, anaizoeza.

"Shemeji," Mama Chupa akasema, "chupa yako unaiosha na nini?"

"Na mikono yangu."

"Na nini kingine?"

"Na maji."

"Na nini kingine?"

Profesa akamtazama. "Na sabuni. Kuna mtu anaosha bila sabuni?"

"Sabuni gani?"

"Ya dada yako. Ila usimwambie inaisha haraka, ataniongezea."

"Na unasuuza mara ngapi?"

"Saba."

"Saba kamili?"

"Inategemea simu imelia mara ngapi. Mbona unanihoji kama mwizi wa kuku?"

"Njoo uone."

Akainama kwenye hadubini. Akakaa pale muda mrefu, mgongo wake hausogei. Mama Chupa alitazama suruali mpya, akaona imeshonwa pindo vizuri, ni mkono wa dada.

"Hii ni chupa yangu ya wiki gani?" profesa akauliza bila kuinua kichwa.

"Si yako. Ni yangu, ya jana. Haijaona umeme hata mara moja. Ina sabuni."

Profesa akainuka. Akavua miwani, safari hii hakuifuta. "Umenionea wivu."

"Wivu wa nini, na mimi sasa nina viputo vingi kuliko wewe?"

Hakucheka. Siku nyingine angecheka. Akaenda mpaka sinki la pembeni, akalitazama lile kopo, akaigusa ile sabuni ya kijani kwa ncha ya kidole, ule muhuri wa ua ulikuwa umelika nusu. Akafungua bomba, akalifunga.

"Ungeweza kunyamaza," akasema. "Siku mbili tu."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Kwa sababu baadaye angekuja kukuambia mtu asiyekuita shemeji."

Profesa akavua koti, akalitundika, akakosa msumari mara ya kwanza, akapata mara ya pili. Akatoka. Mama Chupa hakujua anakwenda wapi, wala hakujua atasema nini Alhamisi, na hakuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa ametoa lake, lililobaki lilikuwa la mwenyewe.

Jumatano hakuja. Saa nne dada akapiga simu.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Kwani yukoje?"

"Anaosha vyombo. Vyote. Ametoa hata vya kabatini. Anaosha, anasuuza, anainua kwenye mwanga, anasuuza tena. Nimemuuliza kuna wageni? Akasema mm."

"Mm tu?"

"Mm tu. Mwanaume wa miaka sitini na mitano, mhadhara kesho, ameshika glasi kama anaangalia mtoto wa watu. Amepata hofu ya kustaafu huyu. Nimemwekea sabuni mpya, kipande kizima."

"Akasemaje?"

"Ameitazama. Akaniambia asante, na akaniita mpenzi. Nimeogopa."

Mama Chupa akasema atakuwa amechoka, akakata simu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa zamani walikuja wamevaa tai, wengine wana vipara kama mwalimu wao. Mgeni alikaa mstari wa mbele, mama mwembamba mwenye mvi fupi, daftari liko pajani limeshafunguliwa. Mama Chupa alikaa mstari wa tatu, na dada ubavuni kwake, amevaa gauni la harusi za watu na mkoba wa kufanana nalo. Dada alikuwa na furaha ya mtu asiyejua.

Profesa akapanda jukwaani. Alisimulia safari yake tangu mwanzo, na watu walicheka pale pa kucheka. Kisha taa zikapunguzwa, na ukutani ikatokea picha ya kwanza, viputo vyake, vikubwa kama sahani, vinang'aa. Ukumbi ukavuta pumzi. Mgeni akaandika kitu haraka kwenye daftari.

"Hivi," profesa akasema, "nilivipata kwenye chupa yangu mara kumi na mbili katika kumi na nne."

Makofi yakaanza nyuma. Mama Chupa akayatazama magoti yake. Akajiambia, basi, ameamua. Na moyo wake ukashuka, kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, ukamhurumia. Nani hataki apigiwe makofi kidogo, baada ya kusubiri dimbwi miaka thelathini na moja?

"Subirini," profesa akasema. "Mikono mtaihitaji baadaye." Akabonyeza, ikaja picha ya pili, viputo vingi zaidi, vinene zaidi. "Na hivi ni vya fundi wangu wa maabara. Kavipata Jumatatu, kwa nusu siku, bila umeme."

Waliopiga makofi nyuma wakarudisha mikono mapajani.

"Kati ya chupa zetu kulikuwa na tofauti mbili," akaendelea, "tukahesabu moja. Nilihesabu umeme kwa sababu umeme ndio nilioupenda. Ya pili ni kwamba chupa yake aliiosha yeye, na yangu niliiosha mimi. Mimi nimesuuza vibaya. Yalibaki mafuta. Mafuta hayo, yakikauka na kuloweshwa, hujifanyia ngozi. Kwa hiyo, ndugu zangu, mwaka mmoja na nusu mnayemwona hapa amekuwa baba wa povu, na alikuwa baba mwenye furaha sana."

Kuna waliocheka, kuna walioinamisha vichwa. Mgeni hakufanya hili wala lile. Aliinua kalamu akamtazama mzee kwa makini, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Mafuta gani?" sauti ikauliza kutoka mstari wa tatu.

Mama Chupa akamshika dada mkono, amechelewa. Dada alikuwa amesimama.

Profesa akakohoa. "Mafuta ya kawaida. Ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

"Ni sabuni yangu?"

Ukumbi mzima ukageuka, viti vikalia. Profesa, aliyekuwa ametafuta njia ya kulipita jina hilo tangu Jumanne, akakosa pa kupita. "Ndiyo," akasema kwa upole. "Ni sabuni yako. Kosa si la sabuni, kosa ni langu la kusuuza."

Mama Chupa akafumba macho.

"Hebu nielewe," dada akasema, taratibu, kama yuko dirishani posta na mteja kakosea kujaza fomu. "Wewe umekaa miaka thelathini na moja. Na umeme. Na mahewa yako. Hukupata kitu."

"Sikupata kitu."

"Mimi na sufuria yangu, mafuta ya kukaangia, hao viumbe wakatokea."

"Wakatokea."

"Na wakagawanyika wenyewe."

"Wenyewe."

Dada akautengeneza mkoba mkononi, akaketi. "Haya, endelea na mhadhara."

Hapo ndipo makofi yalipotoka kweli, na kicheko ndani yake, na profesa akasimama pale jukwaani akingoja yaishe, uso wake haujui ukae vipi, mwisho ukaamua kucheka nao.

Baadaye, kwenye ukumbi mdogo wa chai, mgeni alimfuata profesa akampa daftari lake asome. Ukurasa ulikuwa wa mhadhara, na mstari wa kwanza kabisa, ulioandikwa picha ya kwanza ilipotokea, ulisema: "Nimuulize ameosha na nini." Profesa akausoma mara mbili. Akalirudisha daftari kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza mbele ya watu?"

"Ndiyo kazi niliyoitiwa," mgeni akasema, bila ubaya. "Lakini sasa nina swali jingine, na si lako. Sisi kule tunatumia mafuta safi, ya aina moja, tunayapima kwa uangalifu, na viputo vyetu ni vivivu, havikatiki hivyo. Mkeo yuko wapi?"

Mkewe alikuwa meza ya pili na wala hakuhitaji kuitwa mara mbili. Mgeni akageuza ukurasa mpya. Akauliza, mafuta ya aina ngapi?

"Yaliyopo," dada akasema.

"Na soda unapima kiasi gani?"

"Sipimi. Naangalia inavyokaa."

"Inakaaje?"

"Inakaa kama inataka kukusemesha, halafu inaacha. Andika hivyo."

Mgeni akaandika hivyo. Dada, ili apate mikono ya kuonyeshea, akamkabidhi mkoba mumewe bila kumtazama. Profesa akaupokea.

Mama Chupa alikuwa anapita na kikombe chake, akasimama kando yake.

"Unacheka nini?" profesa akauliza.

"Sicheki. Nanyunyizwa na mvuke wa chai."

"Unacheka."

"Shemeji, miaka thelathini na moja sijakuona umesimama bila kugusa kitu. Umekaa bure vizuri sana. Nikikuweka chupani utanifaa."

"Nimestaafu. Ndiyo kazi yangu sasa."

"Mzee," dada akaita, mkono wake mmoja bado hewani unaonyesha kimo cha sufuria, "njoo umweleze mgeni nakoroga muda gani. Wewe si huwa uko pale sebuleni?"

"Huwa nasoma."

"Basi njoo usikilize, na mkoba ushike vizuri, unabururika."

Profesa akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili, akaenda kusimama ubavuni kwa mkewe. Mgeni alikuwa ameuliza swali jipya, kuhusu rangi ya kijani, na dada alikuwa anafikiri jibu. Profesa akatoa kalamu yake mfukoni, akatafuta karatasi.